Kabla hujamlipa yule muuzaji

Tanga, Jumapili usiku

Mpendwa swahiba wangu Shabani,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini, maana ameshasikia mara nyingi kwamba "mwezi ujao". Ama baada ya salamu, picha za zile sarafu tatu anazotaka kukuuzia yule muuzaji, yaani riale ya Maria Theresa, rupia ya Mjerumani na heller ya Tabora, zimenifika na nimezitazama vizuri. Nakuomba usimlipe bado.

Sisemi kwamba muuzaji wako ni mwongo. Huenda mwenyewe anaamini anachokisema. Ila neno lake la "safi kabisa, haijatumika" ndilo linalopandisha bei, na neno hilo ni wewe wa kulithibitisha kwa macho yako, sarafu ikiwa mkononi, kabla pesa haijatoka mfukoni. Rupia mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kupishana bei mara kadhaa kwa sababu ya hali tu.

Kwanza tumalize suala la umri, maana naona limekushika. Hiyo riale ya Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria, ina mwaka 1780, ni kweli. Lakini malkia yule alifariki mwaka huohuo, na sarafu yake ikaendelea kupigwa na mwaka uleule, Vienna, kisha baadaye hata Roma, London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu waliizoea na kuiamini. Mpaka leo inapigwa. Kwa hiyo aliyeandika "miaka zaidi ya 200" kwenye karatasi yake hajakuambia kitu. Ipime: iwe karibu na gramu 28. Tazama ukingo, una maandishi ya Kilatini yaliyoinuka. Halafu tazama lulu za ile bruchi (pini ya pambo) begani mwa malkia. Wazee wa masokoni walikuwa wakizikagua hizo kwanza. Ikiwa yote yako sawa, ilipe bei ya madini ya fedha yaliyomo na kidogo juu yake, basi.

Rupia ya Mjerumani ya 1911 ndiyo iliyonifurahisha, na ukitaka kujifunza kupima hali ya sarafu, sijui shule nzuri kuliko hiyo. Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa chapeo, na juu ya chapeo ametua tai. Sarafu huanza kulika pale palipoinuka zaidi. Kwa hiyo usianze na mwaka wala maandishi. Anza na tai, kisha masharubu, kisha shavu, kisha bega. Tai akiwa amebaki donge, masharubu yakawa yamezama kwenye shavu, lakini maandishi ya pembeni bado yanasomeka yote, hiyo wakusanyaji wanaiita F (Fine, yaani nzuri). Ukiona mbawa zimegawanyika na manyoya machache yanahesabika, ni VF (Very Fine, nzuri sana). Manyoya karibu yote yakiwepo na ncha tu ndizo zimelainika, ni XF (Extremely Fine, nzuri mno). AU (karibu haijatumika) ni ile iliyoguswa kidogo sana, na UNC (haijatumika) haina mliko hata chembe, ingawa inaweza kuwa na vijikwaruzo vya kugongana na wenzake ndani ya mfuko tangu siku iliyotoka kiwandani. Kisha geuza. Upande wa pili una shada la majani. Kagua mishipa ya majani yaliyo juu zaidi. Pande zikitofautiana, fuata ulio mbovu.

Katika picha yako tai ni donge, Shabani. Na bado sarafu inang'aa pote! Hapo ndipo roho yangu ilipokataa.

Fanya hivi. Usiku, zima taa ya dari, uwashe taa moja ya mezani upande wako wa kushoto. Tandika kitambaa ili ikidondoka isiumie. Ishike kwa ukingo, vidole viwili, uiinamishe polepole huku na huku. Sarafu yenye mng'aro wake wa asili utaona miale inazunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Sababu yake ni kwamba inapopigwa, madini husukumwa kutoka katikati kwenda pembeni na kuacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho, na mistari hiyo ndiyo inayorusha mwanga. Ikishasuguliwa haipo tena, na hakuna dawa ya kuirudisha. Iliyosafishwa kwa limau na majivu, au kwa dawa ya meno, nayo inang'aa, lakini mwanga wake umetulia pote sawasawa, hauzungukii popote. Chukua lenzi ya sonara uangalie uwanja mtupu mbele ya uso wa Kaisari: utakuta mikwaruzo myembamba imelala upande mmoja, alama ya kitambaa kilichopita. Mikwaruzo ya kutumika sokoni huwa imeenda ovyo ovyo. Angalia pia ndani ya herufi. Weusi ukiwa umejificha humo wakati uwanja ni mweupe pe, mtu ameipitishia mkono. Inaniuma sana ninapoiona rupia iliyovuka vita na miaka zaidi ya 100 ikaharibiwa na mtu aliyetaka kuipendezesha.

Huku pwani kuna jambo jingine la kuangalia. Sarafu nyingi za fedha zilikwenda kwa masonara zikawa mapambo ya wanawake. Kwa hiyo pitisha lenzi kwenye ukingo mzima, hasa juu ya kichwa, utafute tundu lililozibwa au doa la kulehemu. Sehemu iliyozibwa huwa na rangi tofauti kidogo, na herufi iliyo jirani huwa imechongwa upya. Mizani nayo isikose: rupia ni gramu 11.66. Pungufu ya kidogo ni mliko wa kawaida, lakini ikikuletea gramu 10 mrudishie mwenyewe. Sumaku isiikamate. Na ukiona vipele vidogo juu ya uso wake au mshono ukingoni, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa.

Sasa ile ya tatu, heller 20 (heller ni senti za rupia ya Mjerumani) ya 1916 yenye herufi T. Hapa hukumu ni tofauti kabisa. Hiyo ilipigwa Tabora wakati wa vita, Wajerumani wamekatiwa njia ya bahari, kwa shaba waliyoipata na mihuri iliyochongwa kwa haraka. Nyingi zilitoka dhaifu tangu siku ya kwanza, taji halijakaa vizuri, namba zimefifia upande mmoja. Usiihesabie hayo kuwa kulika. Palipolika huwa laini na rangi yake hutofautiana na pembeni. Pasipopigwa sawasawa hubaki na ngozi yake ya awali, na mara nyingi upande wa pili mahali hapohapo pia ni dhaifu. Ya kwako naiona nzuri. Ina kutu ya kijani kidogo karibu na T. Usiiguse, usiipake chochote. Kwa bei aliyotaja, mimi ningeichukua.

Akikutolea ile dhahabu ya Tabora yenye tembo, rupia 15, ikatae mpaka ipimwe na mtu anayeijua. Za bandia ni nyingi. Na akikuonyesha vishaba vya Kilwa, zile sarafu ndogo za kale za shaba zenye majina ya masultani, usinunue hata kimoja. Hivyo vinachimbwa kwenye magofu, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kila kimoja kinachouzwa kimya kimya ni sehemu ya historia yetu iliyong'olewa mahali pake.

Uliuliza zile namba za 1 mpaka 70 za kupimia hali ya sarafu ni nini. Alizianzisha Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, na tangu miaka ya 1980 kampuni za kupima sarafu za PCGS na NGC zinazitumia wanapofungia sarafu ndani ya kasha la plastiki. Zinasaidia. Hata hivyo makasha nayo yanaghushiwa, na anayetegemea namba peke yake hajifunzi kuona. Wewe nunua kwanza heller moja moja za shaba, ni rahisi, uzipange mezani kuanzia iliyolika sana mpaka iliyo nzima, uzitazame hivyo jioni baada ya jioni. Jicho litafunguka.

Basi, mwambie yule bwana akuwekee hadi Ijumaa. Nenda na mizani, lenzi na tochi, na unipigie picha mpya ya rupia, mwanga ukitoka pembeni, pande zote mbili na ukingo. Nitakujibu siku hiyohiyo. Kwa jinsi ilivyo ni F iliyosafishwa. Mpe robo ya anachotaka, akikataa muage kwa wema.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Hamisi