Bomba la moshi lipite kofia ya paa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wanaojenga majiko ya kuni huku milimani Mwanza, na wenye nyumba wanaowalipa.

Mwaka jana tulijengewa jiko la bomba hapa Igogo. Fundi alilitokeza bomba upande wa paa unaotazama mlima, akalikata chini ya kofia, yaani ukingo wa juu kabisa wa paa. Asubuhi lilivuta vizuri. Ikifika saa nane mchana moshi unarudi jikoni, unapenya hadi chumba cha mama mkwe wangu, naye ana pumu. Tukazilaumu kuni, tukanunua kavu kabisa. Wapi!

Kumbe ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, basi upepo huvuma kutoka ziwani kuja mlimani. Ukifika kwenye paa huruka kofia, kisha hujizungusha na kushuka upande wa pili, palepale bomba letu lilipokuwa, ukausukuma moshi ndani. Usiku hugeuka kuelekea ziwani, ndiyo maana asubuhi tuliliona jiko zima.

Kipimo kinachotumika kwingi ni bomba lizidi bati kwa sentimita 90 au zaidi pale linapotokea, na lipite kwa sentimita 60 chochote kilicho ndani ya mita 3. Kwenye miteremko yetu, hicho chochote ni pamoja na jabali na nyumba ya jirani wa juu. Dirisha la jirani yangu liko usawa wa bati letu. Nilipokwenda kumwomba radhi akasema alishazoea kulifunga mchana kutwa. Niliona aibu sana.

Jikoni nako paachwe pa kuingizia hewa. Ukifunga mlango na madirisha yote, moto hukosa hewa na bomba huanza kuvuta hewa kutoka juu kuja chini. Masizi yakwanguliwe kabla hayajaziba.

Najua Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, lakini chakula cha leo jioni kwa wengi wetu kitaiva kwa kuni. Basi fundi, kabla hujashuka ngazi, tazama kofia iko wapi na ziwa liko upande gani. Mwenye nyumba, usimalizie malipo mpaka jiko liwashwe mchana, upepo ukiwa umepanda.

Sisi tumeongeza mita moja na nusu ya bomba, tukalifunga kwa waya tatu lisiyumbe. Jirani amefungua dirisha.

Mkazi wa Igogo,
Mwanza