Kwa wazazi ambao watoto wao wanaripoti chuo kikuu

Wanangu,

Matokeo ya kidato cha sita yametoka na sasa mnahangaikia ada, godoro na ndoo. Katika miezi hii mkae na mtoto mzungumze habari za pombe, maana akishafika hosteli wenzake watamweleza kwa namna yao.

Msianze na mahubiri. Anzeni na aliyoyaona nyumbani. Mtoto anayetumwa grosari tangu mdogo, akamwona baba kila akiudhika kazini anakimbilia chupa, na kipaimara hakinogi mpaka kreti ziishe, ameshajifunza kuwa pombe ni dawa ya hasira na kipimo cha furaha. Ataikumbuka siku ya kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na siku boom, pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, inapoingia. Nyumba ambayo pombe haitajwi ila kwa laana nayo ina pengo: mtoto akionja ataficha, na akizidiwa hatapiga simu.

Wengine humwonjesha wenyewe ili anywe kistaarabu. Sikubaliani nao kabisa. Anachoondoka nacho ni ruhusa, kiasi hajifunzi.

Mpeni vipimo. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha 5% ina karibu gramu 20 za kilevi, na ini huhitaji saa mbili hadi tatu kuimaliza. Mililita 250 za Konyagi, yenye 35%, ni sawa na bia tatu na nusu. Ikichanganywa na soda ukali haujulikani mdomoni, ndiyo maana wageni wa pombe huanguka nayo. Supu, kahawa na kuoga maji baridi haviliharakishi ini.

Kama kwenu yuko mjomba au babu aliyeshindwa na pombe, msiseme alirogwa. Mwambieni mtoto ukweli, kwani karibu nusu ya hatari hii hurithiwa. Na anayekunywa nyingi bila kulewa, ambaye wenzake humsifu, ndiye wa kuogopewa zaidi: mwili wake haumwambii mapema aache.

Pesa ya matumizi itumeni Jumatatu, ya wiki moja moja. Ya mwezi mzima ikiingia Ijumaa jioni, mnajua itakoanzia. Kodi ya chumba mlipeni mwenye nyumba moja kwa moja.

Mwisho wekeaneni ahadi: apige simu saa yoyote ya usiku, na usiku huo hakuna kugomba. Mwelekezeni pia kwamba mwenzake akilewa hata haamki, amlaze kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, asimnyweshe kitu wala kumtapisha, wala asimwache "alale zitoke", kwa sababu kilevi kilichobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu. Ahesabu pumzi. Asiyeamka awahishwe hospitali usiku uleule, hasa pumzi zikipungua chini ya 8 kwa dakika au midomo ikibadilika rangi, na nauli mtaituma ninyi.