Aliyechelewa kulia hajaandikiwa kushindwa

Mhariri,

Katika miaka niliyofundisha watoto wa darasa la kwanza mtaani Kayole, nimesikia mara nyingi mzazi akininong'oneza siku ya kumleta mwanawe shuleni: "Mwalimu, huyu usimtarajie makubwa, alichelewa kulia alipozaliwa." Mwingine husema wake alikuwa njiti. Maneno hayo hutoka kwa mzazi mwenye uchungu na mapenzi, lakini mtoto aliyesimama kando huyasikia, nami nimewaona walioyasikia mno wakiacha hata kuinua mkono darasani.

Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi walipofika umri wa miaka 40. Waligundua kwamba athari za matatizo ya uzazi, isipokuwa yale makali yaliyoudhuru ubongo, zilitegemea sana malezi ambayo mtoto aliyapata baadaye. Miongoni mwa waliokuwa wamelemewa na mambo mengi kwa pamoja, yaani uzazi mgumu, umaskini na ugomvi nyumbani, thuluthi moja walikua watu wazima wenye kujimudu na kuwajali wengine. Hao walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewashika asiwaachilie, naye si lazima awe mzazi. Nyanya, shangazi au mwalimu alitosha.

Thuluthi mbili zilizobaki zilipata taabu masomoni au katika tabia kabla ya kufika utu uzima, ingawa wengi wao walijirekebisha baadaye. Kwa hiyo sisemi kwamba mtoto aachwe apambane peke yake kwa kuwa shida humkomaza. Shida bila mlezi humvunja.

Wahudumu wa afya ya jamii wanapopita nyumba kwa nyumba, nawasihi wasiishie kwenye uzito na chanjo. Pale ambapo mtoto alizaliwa kwa matatizo, waulize pia ni nani anayeshinda naye mchana kutwa, kwa sababu huku kwetu kina mama wengi hurudi kwenye vibarua kabla kidonda cha upasuaji hakijapona sawasawa, na mtoto huachwa mahali ambapo mlezi mmoja hutazama watoto wengi kiasi cha kukosa nafasi ya kumpakata hata mmoja wao.

Mwalimu,
Kayole, Nairobi