Barua kwa Rajabu: ukurasa wa asubuhi

Ndugu yangu Rajabu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo. Sisi huku Unguja hatujambo, alhamdulillah. Mama yako nilimkuta sokoni Mwanakwerekwe, anakusalimu sana. Kaniambia sauti yako kwenye simu siku hizi imekuwa ile ya zamani anayoijua. Nilifurahi mno kulisikia hilo kinywani mwake.

Uliniuliza kile kitabu cha kila siku tulichokuwa tukisomewa soba hausi, nyumba yetu ya wanaoacha dawa za kulevya, kina faida gani khasa, na kama kinamfaa mtu aliye kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga wa heroini. Simu ilikuwa ikikatika na maswali yako ni mazito, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Asubuhi ya arosto, mwili unapoudai unga, unaijua. Jicho halijafunguka sawasawa, pua inachuruzika, mifupa inauma, tumbo linasokota, na wazo la kwanza, kabla ya kulitaja jina la Mungu, ni kete ya unga: itapatikana wapi na kwa pesa ya nani. Miaka yote ile saa hiyo ilikuwa mali ya unga. Mtu akiacha, maumivu ya arosto hupungua baada ya siku kadhaa, lakini saa yenyewe inabaki pale pale. Unaamka mwili umetulia, na akili imeshatangulia maskani kwa mazoea. Kitabu kimewekwa asubuhi kwa sababu hiyo. Ile nafasi iliyokuwa ya unga ukiiacha tupu, haikawii kurudiwa na mwenyewe.

Wengi wanadhani vitabu hivi vilitungwa na madaktari. Kile kilichovifungulia njia vingine, Twenty-Four Hours a Day, kiliandikwa na mlevi aliyekuwa akijitafutia uzima wake. Jina lake Richmond Walker, mtu wa Boston, Marekani. Pombe aliiacha mwaka 1942 akiwa na wenzake wa Alcoholics Anonymous, ushirika ulioanzia mji wa Akron, Ohio, mwaka 1935. Alikuwa na kawaida ya kujiandikia mawazo kwenye vikadi vidogo na kutembea navyo mfukoni. Mwaka 1948, akiishi Daytona Beach, Florida, akavikusanya vikawa kitabu na kukisambaza mwenyewe. Mwaka 1954 Hazelden, kituo cha tiba ya walevi kilichoko Minnesota, kikaichukua kazi ya kukichapisha, na tangu hapo kimesambaa mbali.

Nakueleza haya ili ujue kwamba yale maneno hayakutoka kwa mtu aliyekuwa juu akitutazama sisi chini. Yalitoka kwa mwenzetu aliyeogopa kutoka nyumbani bila kitu cha kukishika mkononi. Baadaye vimekuja vingi: kimoja cha mwaka 1982 kiliandikwa kwa ajili ya wanawake, na ningependa sana kiwafikie dada zetu, maana wao wanatibiwa kwa kificho na nyumba za kuwapokea ni chache mno. Ushirika wa walevi ulitoa chake mwaka 1990, na wa waraibu wa dawa, Narcotics Anonymous, nao wana chao.

Karibu vyote vimejengwa namna moja. Kila tarehe ina ukurasa wake, na ukurasa hauzidi dakika chache: neno kuhusu ulevi, tafakuri, kisha dua fupi au ahadi ya siku ile. Ufupi huo ni rehema. Wewe unakumbuka wiki zile za mwanzo, mtu hawezi kumaliza hata sentensi ndefu bila akili kuruka. Ndiyo maana nakuomba usisome ya mbele. Kijana mmoja alikuja hapa akamaliza miezi mitatu ya kitabu kwa usiku mmoja, na asubuhi hakuwa na hata neno moja la kukamata. Soma ya leo, ukae nayo. Na ukipitwa na siku mbili tatu, hakuna kulipa kadha. Fungua tarehe ya leo uendelee. Weka na penseli karibu, uandike pembeni lililokugusa, maana mwakani tarehe hiyo utarudi kwenye ukurasa ule ule na utaona umesogea wapi.

Sasa lile la dini, najua linakukera ingawa hukulitaja. Hapa soba hausi wapo waliotoka kwenye duara wakisema kitabu hiki ni cha kanisani. Ni kweli, tafakuri za Walker nyingi zimechotwa kwenye kitabu cha ibada cha Kikristo, naye akazirekebisha ili zimfae yeyote anayemwamini Mungu. Lisilo lako liache lipite. Mimi nikishaswali alfajiri na kumaliza uradi wangu, ndipo nafungua ukurasa, na sijaona viwili hivyo vikigombana. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katufundisha kuwa amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Ukurasa mmoja kila siku ni kidogo kinachodumu. Na ile hatua ya kumi, katika hatua kumi na mbili za ushirika, ya mtu kujikagua na kukiri alipokosea, masheikh wetu waliijua zamani kwa jina la muhasaba. Kwa hiyo usiku, kabla ya kulala, urudie ukurasa wako ujiulize umeuishi wapi na umeuacha wapi.

Nije kwenye methadoni, na hapa nitasema wazi. Vitabu vingi vya ushirika viliandikwa na watu wanaohesabu uzima kuwa ni kutotumia chochote, na utakutana na wenzetu watakaokwambia kwamba wewe bado hujawa msafi. Mimi sikubaliani nao. Tangu Muhimbili walipoanza kutoa methadoni mwaka 2011, tumeona watu waliokuwa wakilala vibarazani wamerudi kazini na kwa watoto wao. Mtu anayeamka kila siku, akapanda daladala, akasimama kwenye foleni na kuinywa dozi yake mbele ya muuguzi, huyo tayari anaishi siku moja baada ya siku moja. Soma ukurasa wako hapo hapo kwenye foleni. Ila nakusihi, pasitokee asubuhi ukurasa mzuri ukakutia moyo wa kuipunguza dozi peke yako. Hilo ni la kuzungumza na daktari. Unajua tulivyowazika waliokaa muda bila unga, mwili ukasahau, kisha wakarudia kipimo cha zamani. Kitabu kinashika akili na dawa inashika mwili, na wewe unavihitaji vyote viwili.

Usisome peke yako ikiwezekana. Hapa tunakaa duara baada ya chai. Mwenye Kiingereza anasoma na kufasiri papo hapo, kisha kila mmoja anasema neno lake, na asiyetaka anasema "napita". Wengine hawajui kusoma kabisa, na mara nyingi hao ndio wanaousema ukurasa vizuri kuliko sisi. Mtafute mmoja hapo kliniki, mkae kwenye benchi mkisubiri, umsomee. Ukikosa mtu, nipigie mimi, nitakusomea wa siku hiyo.

Lakini kuna jambo linanichoma, na hili ndilo ombi langu kwako. Kurasa tunazozisoma ziliandikwa kwa mlevi wa Marekani. Zinatufaa, namshukuru aliyeziandika. Hata hivyo sijakutana humo na ukurasa wa mama anayelala na sufuria zake chini ya kitanda zisije zikauzwa. Hakuna wa Iddi ya kwanza bila unga, kijana anapoogopa kwenda kupeana mkono na baba yake uwanjani. Hakuna wa mtu aliyepona ambaye jirani bado anaanua nguo kambani akimwona anapita. Haya tunayajua sisi, na anayeamka kesho Temeke au Malindi akiwa na hofu hiyo anastahili kuyakuta yameandikwa kwa lugha anayoiota.

Basi tuandike. Wewe una mwandiko mzuri na unaona mambo. Nimempa mpwa wangu daftari, anavuka na boti Alhamisi, atakuletea. Andika juu tarehe, halafu kile ulichokiona au kukiogopa siku hiyo, na kilichokuvusha mpaka jioni, kisha dua yako kwa maneno yako mwenyewe. Nusu ukurasa inatosha. Anza na ule wa foleni ya dawa, maana mimi siwezi kuuandika. Mimi nimeshaanza wa sufuria, na nimeusomea duara juzi. Wameniambia niongeze kwamba mama yule bado anapika, na amefungua mlango. Nitaongeza.

Nisalimie shemeji na watoto. Mwambie mkubwa nimesikia amefaulu, namwombea heri. Ukipata mtu wa kuja huku, mpe kurasa za kwanza, hata zikiwa mbili.

Wasalaam,

Ndugu yako,
Khamis