Tusiifanye sala kuwa kemeo kwa mtoto aliyechoka na masomo

Mheshimiwa Mhariri,

Ninaomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu Wakristo wa Bukavu juu ya namna tunavyowaombea watoto waliolemewa na masomo, kwa maana mimi mwenyewe niliomba vibaya kwa muda mrefu, na aliyeumia ni mwanangu.

Mtoto huyo ni wa tatu kwangu, ana umri wa miaka 14, na anasoma mwaka wa nane katika shule moja ya hapa Kadutu. Mwanzoni mwa mwaka huu wa shule alianza kurudi nyumbani kimya, anausukuma mfuko wake chini ya kitanda na haugusi tena mpaka asubuhi. Siku nilipofungua daftari lake la hesabu nilikuta tarehe imeandikwa kwa kalamu nyekundu, kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula, na chini yake karatasi nyeupe. Ukurasa uliofuata vivyo hivyo, na uliofuata tena, karibu mwezi mzima. Nilichokiona mimi ni uvivu. Buletini, yaani ripoti ya matokeo yake, ilipotoka na asilimia 38, nilimpeleka kwenye chumba cha maombi, akafungishwa siku tatu bila chakula, tena siku za shule, na mtumishi aliyetupokea akamwekea mikono kichwani huku akikemea roho ya uvivu na roho ya upumbavu. Siku ya nne alirudi darasani akiwa dhaifu kwa njaa, amekosa masomo mengine ya siku tatu, na akiamini kwamba ndani yake mnakaa kitu kiitwacho upumbavu.

Sisemi hayo kwa kudharau kufunga, kwani mimi mwenyewe ninafunga kila Ijumaa. Wala sitaki lawama zote zimwendee mtumishi yule, kwa sababu nyumbani kwangu mambo hayakuwa afadhali. Katika ibada ya jioni nilikuwa nikimtaja mbele ya ndugu zake: "Bwana, mtazame huyu, dada zake wanasoma, yeye peke yake anakula karo bure." Nilikuwa ninamgombeza mtoto nikiwa nimefumba macho, na kwa kuwa maneno yalikuwa yanapelekwa kwa Mungu, yeye hakuwa na ruhusa ya kujibu. Akaanza kuikwepa ibada, leo amekwenda kuchota maji, kesho kichwa kinamuuma.

Jioni moja zamu ya kusoma Biblia ilikuwa yake, nasi tulikuwa tumefika Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza. Akasoma mstari wa tano: "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei, naye atapewa." Kisha akaniuliza, bila ukaidi wowote, "Mama, hakemei ni kusema nini?" Sikuweza kumjibu upesi. Mungu hamkemei anayemwomba hekima, na mimi mbele za Mungu huyohuyo nilikuwa ninamkemea mtoto kila jioni.

Usiku ule nilimwomba msamaha, jambo ambalo sisi wazazi hatujalizoea, ndipo naye akafungua moyo. Shule zilipofungwa Februari 2025, vita vilipofika mjini mwetu, darasa lake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza namba zilizo chini ya sifuri. Waliporudi, somo lile halikurudiwa, na yote yaliyofuata yalijengwa juu yake. Kuuliza aliogopa, kwa kuwa anapaswa kuuliza kwa Kifaransa mbele ya wenzake, na Kifaransa chake kikikosea wanamcheka. Tarehe na kichwa cha somo aliweza kuvinakili ubaoni. Yaliyobaki hakuyaelewa, naye akaona ni uongo kuyanakili. Fikiri, Mheshimiwa Mhariri: mtoto niliyemwita mvivu alikuwa anakataa kusema uongo.

Tangu hapo tunaomba kwa namna nyingine. Daftari linafunguliwa kwanza, linawekwa mezani, kalamu juu yake, ndipo tunasali, na anayesali ni yeye mwenyewe. Sala tuliyoitunga pamoja ni hii:

"Bwana Yesu, ulipokuwa na miaka kumi na miwili uliketi hekaluni katikati ya waalimu, ukiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mimi ninaogopa kuuliza. Nimechoka, namba hizi sizielewi, na ninaona haya kusema kwamba sizielewi. Unipe nguvu ya kuanza zoezi moja usiku huu. Kesho unifungue kinywa mbele ya mwalimu. Nikikosa, unishike nisikate tamaa, wala nisiibe jibu la mwenzangu. Amina."

Baada ya amina anaanza zoezi lile moja. Mimi niliishia darasa la sita la msingi, hesabu zake sizijui, lakini ninakaa karibu naye nikichambua maharagwe mpaka amalize, na Jumamosi kijana wa jirani aliye mwaka wa mwisho wa sekondari anakuja kumrudisha kwenye zile namba zilizorukwa. Zipo jioni ambazo anasali na kusinzia juu ya daftari, nami ninamfunika kitenge, sala yake ikiwa imekwisha kusikiwa. Buletini ya mwisho ilikuwa na asilimia 51.

Tunapoombea mitihani tunapenda kumtaja Danieli na wenzake, na ni haki, kwa maana imeandikwa kwamba Mungu aliwapa vijana wale wanne maarifa na ujuzi. Lakini sura hiyohiyo ya kwanza inasema waliwekewa miaka mitatu ya kufundishwa kabla ya kusimama mbele ya mfalme, na mimi katika maisha yangu yote ya kanisani sijasikia hata hubiri moja juu ya miaka ile mitatu.

Kwa hiyo ninawasihi wachungaji, mapadri na wenye vyumba vya maombi, msiwapokee wanafunzi saa za shule. Mwambieni mzazi amrudishe mtoto darasani, aje naye Jumamosi, na daftari zake aje nazo. Ninawasihi pia jambo la pili. Umeme wa mto Ruzizi unapokatika, na unakatika mara nyingi, watoto wetu wa Kadutu hawana pa kusomea, hali makanisa kadhaa yana mitambo ya jua inayowasha vyombo vya muziki siku ya Jumapili, na siku nyingine milango inafungwa. Fungueni kanisa saa mbili tu kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, mtoto asali, kisha asome chini ya taa ileile. Kusimamia tutapokezana sisi wamama, na taa ikiharibika tutachanga.

Mama wa watoto wanne,
Kadutu, Bukavu