Nyumba za tamthilia zetu zifanane na watu wanaoishi humo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niunge mkono malalamiko ambayo wasomaji wamekuwa wakiyatoa, kwamba nyumba za tamthilia zetu ni kama nyumba moja: kochi jeupe, meza ya kioo, zulia la manyoya na maua ya plastiki, hata pale mwenye nyumba anapokuwa mama lishe wa Buguruni au kondakta wa daladala. Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kununua na kukodi vifaa vya seti, yaani karibu kila kitu ambacho mtazamaji anakiona chumbani ukiondoa kuta na waigizaji, kwa hiyo lawama hizo zinanihusu moja kwa moja. Nasema bila kusita kwamba wasomaji hao wamesema kweli. Lakini chanzo si kwamba wanunuzi hatujui nyumba ya uswahilini inavyokaa. Wengi wetu tumezaliwa humo na ndimo tunamolala. Chanzo ni namna vifaa vinavyotafutwa, na jambo hilo liko mikononi mwa watayarishaji.

Mtayarishaji anapopanga bajeti hutenga fedha za kamera, za waigizaji, za chakula na za usafiri, na chumba hukumbukwa mwishoni kabisa. Ndipo huenda kwa mwenye duka la samani kuomba makochi kwa ahadi ya kulitaja duka mwishoni mwa kipindi. Mwenye duka, ambaye simlaumu hata kidogo, hutoa kile anachotaka kukiuza msimu huo, kikiwa bado na nailoni yake, kwa sharti kwamba kirudi bila doa. Asiye na duka la kuomba hukodi nyumba iliyokwisha kupambwa huko Goba au Mbezi Beach, na sebule ile ile ikawa ya tajiri leo, ya mchungaji kesho na ya mjane keshokutwa kwa kubadilishiwa mapazia tu. Mnunuzi naye huitwa jioni wakati kamera zinawashwa asubuhi. Kwa muda huo hakuna awezaye kutafuta. Kinachowezekana ni kuokota kilicho karibu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba vitu hivyo vinavyopendwa kwa kung'aa ndivyo vinavyoisumbua kamera. Mpiga picha akipunguza mwanga ili kochi jeupe pee lisiunguze picha, sura ya mwigizaji aliyeketi juu yake huzama gizani. Meza ya kioo huonyesha taa, kipaza sauti na hata fundi aliyeinama pembeni. Pazia lenye mistari myembamba iliyobanana hutetema kwenye skrini kana kwamba televisheni ni mbovu. Kochi la kahawia lililofifia, lenye vitambaa vya kufuma mgongoni, lingewasaidia mwigizaji na mpiga picha kwa pamoja, na bei yake ni ndogo.

Nitaeleza jinsi jiko moja tu linavyopaswa kutafutiwa vifaa, kwa kuwa hapo ndipo ufundi wa kazi hii unapoonekana. Tuseme hadithi inamhusu mama lishe. Sufuria mpya kutoka Kariakoo haifai, kwa sababu kila mpishi anayeangalia atajua kwamba haijawahi kuinjikwa. Kwa hiyo nanunua mpya, naenda nayo kwa mama anayepika kweli na kumwomba tubadilishane: yeye abaki na mpya, mimi nichukue yake yenye masizi kitakoni na bonde ubavuni. Wengi hukubali papo hapo, ingawa wapo wanaouliza mara mbili sufuria yao inakwenda kufanya nini. Mbuzi ya kukunia nazi lazima meno yake yawe yamelika, na mwiko uwe umepungua ukingo mmoja kwa kukwangua ukoko. Mabenchi naagiza kwa mafundi wa Keko, ambao ukiwapa picha na vipimo hawakuangushi, kisha nayapiga msasa pale ambapo watu hukaa na kushika, na miguu yake naipaka kiwi ya viatu iliyochanganywa na vumbi. Vitambaa vipya nachovya kwenye chai ya rangi ili weupe upungue. Na kama hadithi inasema kikombe kitavunjwa kwa hasira, nanunua nusu dazeni au zaidi vya aina moja, maana mwongozaji atarudia tukio hilo, na kikombe cha pili kisipofanana na cha kwanza watu wataona.

Hadithi inaporudi nyuma ugumu huongezeka. Ofisi ya serikali ya mwaka 1994 inatakiwa kuwa na picha ya Mzee Ali Hassan Mwinyi ukutani, si ya Benjamin Mkapa aliyeapishwa Novemba 1995. Duka la mtaani la mwaka 2003 haliwezi kuwa na bango la M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008. Sebule ya mtu wa kawaida ya mwaka 2000 inataka televisheni ya chogo na antena juu ya bati, kwa kuwa king'amuzi kilisambaa majumbani pale matangazo ya analojia yalipokaribia kuzimwa hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Hata picha ya Tingatinga inayotundikwa ukutani ina mambo yake: kuinunua si kununua hakimiliki yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji, hivyo ni salama zaidi kumwendea na kupata ruhusa yake kwa maandishi. Yote haya yanatafutika. Yanahitaji mtu aliyepewa skripti mapema, akaisoma ukurasa kwa ukurasa na kuandika kila kitu kinachoguswa, kinacholiwa, kinachovunjwa na kinachoonekana tu.

Kuna pia suala la malipo, ambalo nadhani watayarishaji hawalioni kwa uzito wake. Vitu vilivyotumika, ambavyo ndivyo hasa tunavyovihitaji, viko kwa wauzaji wa mitumba wa Ilala, kwa mafundi wa Gerezani, kwa wanaokusanya vyuma chakavu na kwa akina mama majumbani. Wengi wao hawana mashine ya EFD, yaani ile ya kutolea risiti za kodi. Mhasibu anataka risiti ya EFD, na bila hiyo fedha niliyolipa hairudi mfukoni mwangu. Mnunuzi asiyetaka kula hasara hukimbilia duka kubwa lenye risiti, na hapo ndipo kochi jeupe linapoingia tena sebuleni kwa mama lishe. Vocha ya malipo yenye jina la muuzaji, namba yake ya simu, sahihi yake na picha ya kitu kilichonunuliwa ingetosha kumridhisha mhasibu mwenye nia njema, na zipo kampuni chache zinazofanya hivyo bila matatizo.

Zaidi ya fedha, kazi hii inaendeshwa kwa kuaminiana. Kampuni moja ambayo sitaitaja ilihitaji kitanda cha samadari kwa hadithi ya familia ya zamani. Bibi mmoja wa Kariakoo alinikubalia kukiazima kitanda chake cha harusi kwa kuwa alinifahamu mimi, si kampuni. Wakati wa kukirudisha, vijana walikirusha kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, bila kukifungua wala kukifunga kamba, na nguzo moja ikakatika njiani. Nilipoomba fedha za fundi nilijibiwa kwamba bajeti ya kipindi imekwisha. Nilimlipa fundi mimi mwenyewe, na bibi alipokea kitanda chake kwa utu mkubwa, lakini tangu hapo hakuna nyumba katika mtaa ule inayokubali kuazima hata kigoda. Hasara hiyo imewaangukia wanunuzi wote wa mji huu, wakiwamo ambao hawajaanza kazi.

Ombi langu kwa watayarishaji ni kwamba fungu la vifaa liandikwe katika bajeti tangu mwanzo na mnunuzi akabidhiwe skripti siku ile ile anayokabidhiwa mwongozaji. Kila kinachoazimwa kiwe na hati yenye jina la kampuni, si langu, ikieleza hali ya kitu hicho, thamani yake na nani atalipa kikiharibika. Nchini Marekani tuzo ya Oscar ya usanifu wa mandhari hupewa msanifu pamoja na mpambaji wa seti, kwa sababu wanajua chumba nacho kinasimulia. Hapa kwetu siombi tuzo. Naomba muda wa kutafuta na karatasi yenye sahihi. Ningependa pia kampuni tatu au nne zichangie stoo moja, kwani kila moja hununua kabati la vyombo, hulitumia kwa tamthilia moja, kisha hulitupa kwa kukosa pa kuliweka, na miezi michache baadaye jirani yake anazunguka Tandika nzima akitafuta kabati kama hilo hilo.

Kwa wasomaji, kama nyumbani kuna televisheni ya chogo, redio ya mbao, pasi ya mkaa, simu ya mezani ya kuzungusha au makochi ya zamani yenye mbao za mkononi, tafadhali msiyauze kwa kilo wala kuyafanya kuni kabla ya kuwauliza vijana wanaorekodi tamthilia mtaani kwenu. Wadaini bei ya kukodi, waandikishane nanyi, na muandike nyufa zote zilizokuwapo kabla vitu havijatoka mlangoni.

Mnunuzi wa vifaa vya tamthilia,
Kinondoni, Dar es Salaam