Injini ya ndege ya rimoti haichaguliwi kwa ukubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jibu lililotolewa kwenye ukurasa wenu wa maswali ya wasomaji. Msomaji aliuliza injini gani ya petroli inafaa kwa ndege kubwa ya rimoti. Akaambiwa anunue kubwa kadiri mfuko wake unavyoruhusu, na ikisumbua akaze sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima petroli inayoingia, mpaka mlio uwe mkali. Ushauri wa kwanza utamtia hasara. Wa pili unaua injini, na tayari umeshaua moja.

Mimi ni fundi wa mashine ndogo hapa Ngamiani, Tanga: chenso, mashine za kufyekea nyasi, pampu za maji, na mashine za boti zinazoletwa kutoka Sahare na Deep Sea. Injini hizi za ndege ni ndugu wa damu wa chenso, kwa hiyo vijana wanaorusha huko Pongwe, kando ya mashamba ya mkonge, huniletea zikiwagomea. Baada ya jibu lenu kutoka, kijana wa Makorora aliniwekea mezani injini ya cc 30 iliyozima angani na kukataa kuwaka tena. Nilifungua eksozi nikachungulia kwenye tundu la moshi. Ubavu wa pistoni ulikuwa na michirizi mirefu ya wima, ringi imeganda kwenye mfereji wake, na plagi nyeupe pe. Aliniambia alisoma gazetini akakaza sindano.

Kwenye injini ya mchanganyiko, yaani tu-stroki inayotiwa oili ndani ya petroli, petroli ndiyo inayobeba oili. Ukiibana petroli umeibana na oili. Mlio unakuwa mkali kweli na kijana anafurahi, lakini pistoni inapata moto, inavimba, inaanza kula ukuta wa silinda. Hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Nianze na ununuzi. Piper Cub, ile ndege ya Kimarekani yenye bawa juu ya kichwa cha rubani, ina bawa la mita 10.7 hivi kutoka ncha hadi ncha. Mfano wake wa robo una bawa la karibu mita 2.7, na bado unaruka vizuri kwa injini ya cc 20 hadi 30, kwa sababu Cub inabebwa na bawa lake. Ndege ya sarakasi yenye bawa la mita 2.2, fupi kuliko hiyo Cub, inataka cc 50, maana inatakiwa kusimama wima hewani ikining'inia kwenye propela. Kwa hiyo mnunuzi aulizwe kwanza: ndege yako itafanya kazi gani, na itakuwa na kilo ngapi ikiwa tayari kuruka? Anayemjibu kabla ya kumuuliza hayo anabahatisha.

Injini kubwa kupita kiasi inakuja na uzito wake. Kati ya injini za DLE-30 na DLE-55 (namba ni cc zake), zote za China, kuna tofauti ya karibu nusu kilo, na nusu kilo hiyo inakaa puani. Ili ndege isitumbukize pua itabidi uweke risasi mkiani, basi ndege nzima inakuwa nzito na inatua kwa kasi. Pongwe hatuna lami. Tuna nyasi, mchanga na visiki vya mkonge.

Halafu propela. DLE-30 inazungusha vizuri ya inchi 18 kwa 10 au 19 kwa 8; DLE-55 inataka 22 kwa 8 au 23 kwa 8. Namba ya kwanza ni urefu, ya pili ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza hewani. Propela ya inchi 22 inashuka inchi 11 chini ya shafti. Pima magurudumu yako kama yanaiinua juu ya nyasi kabla ya kutoa hela. Na ukifunga ndogo kuliko inayotakiwa, injini inakimbia bila mzigo. Ukifunga kubwa mno, inalemewa na kuchemka.

Kuhusu moto wa plagi, zipo injini za magneto, zinazojitengenezea umeme wa plagi zenyewe, kama Zenoah za zamani kutoka Japani, ambazo hazihitaji betri lakini ni nzito na ngumu kuwasha kwa mkono. Nyingi za sasa zinatumia moto wa elektroniki wenye betri yake. Mimi kwa anayeanza namshauri hizi za betri. Moto wake unachelewa injini ikiwa inazunguka polepole, kwa hiyo haikurudishii propela kwenye vidole. Za foo-stroki, kama Saito, zina mlio mtamu sana, ila zina valvu za kurekebisha na bei yake inauma. Ziwe injini ya pili.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: uliza kabureta ni ya nani. Nyingi zina Walbro, familia ileile ya kabureta za chenso, na vipuri vya Walbro havihitaji kusubiri meli. Nenda na namba iliyogongwa kwenye mwili wa kabureta, kwa maana kiwambo cha mpira kinachofanana kwa macho si lazima kiwe chenyewe.

Sasa mafuta. Hapa Tanga tuna kosa letu wenyewe la mji wa pwani. Oili iliyo karibu ni ya mashine za boti, ile iliyoandikwa TC-W3 kwenye kopo, na vijana wanaitumia kwa kuwa baba au mjomba anayo nyumbani. Oili hiyo ilitengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Injini ya ndege inapozwa na hewa, silinda yake inafika joto ambalo mashine ya boti hailijui. Nunua oili ya tu-stroki ya injini za hewa, ile ya chenso. Kipimo fuata karatasi ya kiwanda. DLE wanataka moja kwa thelathini, yaani mililita 33 za oili kwa lita moja ya petroli. Pima kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Na mipira laini ya silikoni ya kupitishia mafuta inayotumika kwenye ndege ndogo za mafuta ya methanoli usiilete huku: petroli inaivimbisha na kuilegeza ndani ya tenki, na kizibo cha tenki hivyohivyo. Mpira wa petroli ni ule mgumu kidogo, mara nyingi wa njano.

Injini ikigoma, wengi wanakimbilia sindano. Kaa nayo mbali. Toa plagi, iweke kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini, zungusha uone moto. Usizungushe injini kabisa swichi ikiwa imewashwa na plagi haijagusa chuma, kwani kiboksi cha moto kinaweza kuungua hapohapo. Moto ukiwa dhaifu angalia chaji ya betri, kisha waya wa kihisio karibu na propela, ambao hukatika ndani kwa mtikisiko huku ganda la nje likionekana zima. Nafasi ya plagi iwe kama nusu milimita.

Moto ukiwepo, fuata mafuta kutoka tenki. Mpira unaoonyesha ndani ni mwalimu mzuri: ukiona vipovu vinatembea kuelekea kwenye kabureta, kuna mahali panavuta hewa, na hakuna sindano itakayoliponya tundu. Injini inayowaka kwa choki na kufa mara tu choki inapofunguliwa mara nyingi haipati mafuta kutoka kwenye pampu. Pampu ya Walbro inasukumwa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya injini, yanayopita kwenye kitundu kidogo kati ya injini na kabureta. Gasketi ikigeuzwa wakati wa kufunga, kitundu kinazibwa. Nimekuta injini mpya iliyohukumiwa kuwa feki, na ugonjwa wake ulikuwa gasketi iliyogeuzwa. Niliigeuza, ikawaka, na mwenyewe akaondoka nayo siku ileile.

Kuna ugonjwa mwingine unaowatesa watu zaidi ya wote, na naomba niueleze taratibu. Injini inanguruma vizuri chini, boneti ikiwa imevuliwa. Ukifunga boneti na kurusha, inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, inazima. Ukitua na kuvua boneti, inawaka kama haikuwa na tatizo. Kijana anakaza sindano, anairusha tena, na hapo ndipo pistoni inapokwaruzika. Sababu iko kwenye bamba dogo la kabureta lenye kitundu katikati. Nyuma ya bamba hilo kuna kiwambo cha mpira, na kupitia kitundu hicho kiwambo kinapima mgandamizo wa hewa ya nje ili kijue kiingize mafuta kiasi gani. Ndege ikikimbia, upepo unaojaa ndani ya boneti unabadilisha mgandamizo mahali pale, kiwambo kinadanganyika na mafuta yanabadilika bila mtu kugusa kitu. Dawa yake ni rahisi. Fungua bamba, lichomelee kwa risasi kibomba chembamba cha shaba kwenye kile kitundu, rudisha, kisha vuta mpira kutoka kwenye kibomba hadi ndani ya mwili wa ndege ambako hewa imetulia. Kazi ya asubuhi moja, na gharama yake haifiki bei ya ringi.

Ukishamaliza hayo ndipo ushike bisibisi ya sindano. Zote mbili, ya L (mwendo wa chini) na ya H (mwendo wa juu), zianzie kama mzunguko mmoja na nusu zikiwa wazi. Pasha injini moto. Fungua resi yote, kaza H kidogo kidogo mpaka mizunguko iache kupanda, halafu, na hapa ndipo jibu lenu lilipoacha watu, rudisha kuifungua mpaka mizunguko ishuke kwa 200 hadi 300 kwa dakika. Tumia kipima mizunguko. Sikio linapenda mlio mkali na linadanganya. Kisha L: piga resi ghafla kutoka mwendo wa chini. Ikikatika ghafla, ina njaa, fungua. Ikigugumia huku inatoa moshi, imeshiba mno, kaza. Plagi iliyo sawa hutoka na rangi ya kahawia.

Sindano hazikai mahali pamoja mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa ya moto na yenye unyevu mwingi, injini inapata oksijeni kidogo na mafuta yanaonekana kuzidi. Kusi ikishika na kupoa, mafuta yaleyale yanaweza kupungua. Hapo ni hatari zaidi, kwa sababu injini haikupi dalili ya moshi. Anayeipeleka ndege Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, ajue anapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, na asirudi Tanga na sindano alizozikaza kule bila kuzifungua.

Boneti pia iwe na njia ya hewa kutoka. Tundu la kutokea liwe kubwa mara mbili hadi tatu ya la kuingilia. Injini inayoanza vizuri na kulegea polepole baada ya dakika chache mara nyingi inachemka tu.

Kiboksi cha moto na betri yake vikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye kipokezi cha rimoti, na swichi ya kuzimia moto iwe mkononi kwenye rimoti. Propela ya inchi 22 inayozunguka mara 7,000 kwa dakika inakata mfupa. Funga mkia kwenye kigingi kabla ya kuwasha, vaa glavu, na asisimame mtu, hasa mtoto, ubavuni usawa wa propela, maana ikipasuka vipande huruka upande huo. Ndege ya kilo saba isirushwe upande wa uwanja wetu wa ndege wala juu ya Raskazone watu wakiwa wanaogelea, na anayeanza awaulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla hajarusha.

Ndugu Mhariri, naomba sahihisho litoke kwenye ukurasa uleule na kwa maandishi ya ukubwa uleule. Msomaji aliyewauliza huenda bado hajaagiza. Mwambieni akapime kwanza ndege yake ina kilo ngapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mashine ndogo,
Ngamiani, Tanga